Kufuli Saba za Bi Mo

Siku Morag Haldane alipokabidhiwa nyumba yake katika kichochoro kimoja cha Bình Thạnh, mjini Saigon, mwenye nyumba alimwekea mkononi bunda la funguo lililomlemea hata mkono ukashuka.

"Hapa ni salama kabisa, dada," alisema mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Tuyết aliyependa kuongea huku akitembea. "Miaka ishirini hatujaibiwa hata ndala."

Kisha akaanza kumtembeza kwenye kufuli. Ya kwanza ilikuwa ya geti la nje, lile la chuma linalokunjwa kama kinanda cha mkono. Kufuli yake ilikaa kwa ndani, kwa hiyo ukiwa nje ilibidi upitishe mkono kwenye tundu na kuipapasa kama mtu anayetafuta sabuni iliyodondokea chini ya kitanda. Ya pili ilikuwa ya mnyororo wa geti hilohilo. Ya tatu ya mlango wa mbao. Ya nne ya kufungia pikipiki, ingawa pikipiki yenyewe ingelala sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye kochi. Ya tano ya mlango wa ngazi. Ya sita ya roshani ya ghorofa ya pili, iliyozungushiwa nondo pande zote mpaka juu kama kizimba cha simba. Ya saba ilikuwa ya dirisha dogo la paani.

"Wezi wa huku hupitia juu," Tuyết alieleza.

Morag alikuwa amejifunza lugha ya pale miezi minne kabla ya kuja, kutoka kwenye kaseti za zamani. Akajikaza. "Kama wezi hakuna, kwa nini kufuli mingi?"

Tuyết alimtazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto mzito darasani. "Si ndiyo maana hakuna?"

Morag alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Alikuwa ametunza maktaba ya shule maisha yake yote katika mji mdogo wa Uskoti, mahali ambapo ufunguo wa nyumba ulikaa chini ya chungu cha maua, na mji mzima ukajua ni chungu kipi. Baada ya kustaafu alipata kazi ya kufundisha Kiingereza jioni katika kituo kimoja pale Saigon, akaja na masanduku mawili na miavuli mitatu. Jina lake liliwashinda majirani, wakalikata katikati, akawa Bi Mo. Yeye naye lugha yao ilimshinda kupanda na kushuka, kwa sababu neno moja ukilipandisha sauti ni mama na ukilishusha ni mzimu. Maneno yalimtoka yakiwa yamevaa viatu vya wenzake.

Mkabala na geti lake, umbali wa mita mbili tu, ndipo alipokaa Bi Bảy. Huyu alikuwa ajuza wa miaka sabini na mbili, mwembamba, mwenye macho makali, na kila asubuhi aliuza mbele ya mlango wake chapati laini za unga wa mchele, zilizopikwa kwa mvuke juu ya kitambaa, zikakunjwa na nyama na uyoga ndani. Chapati zilikuwa zikiisha saa tatu, lakini Bi Bảy hakuondoka kwenye kiti chake mpaka jioni. Alijua nani ametoka, nani ameingia, nani ametoka na nani akaingia na mwingine.

Asubuhi Bi Mo alipoanza kufungua kufuli zake, mlio wa chuma ulisikika kichochoro kizima. Kutoka kitandani mpaka barabarani ilimchukua dakika kumi na moja. Bi Bảy akisikia kufuli ya ngazi tu alitangaza, "Bi Mo yuko njiani!" na kuanza kumwaga unga kwenye kitambaa. Mnyororo wa geti ulipoanguka, sahani ilikuwa mezani na mvuke bado unatoka.

Mambo yakaenda hivyo miezi mitano, mpaka siku alipoibiwa simu.

Hakuibiwa nyumbani. Alikuwa amesimama pale kichochoro kinapokutana na barabara kuu, saa tisa alasiri, akizungumza na dada yake aliyeko kwao. Pikipiki yenye vijana wawili ikapita, ikapunguza mwendo kidogo, ikaendelea. Bi Mo aliendelea kusema sentensi nzima, mkono ukiwa bado sikioni, kabla hajagundua kwamba anauambia mkono wake.

Majirani walimpa pole na kumgombeza kwa pumzi ileile. "Pole sana, Bi Mo! Lakini nani anashika simu upande wa barabara? Nani?" Lụa, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, alimletea maji ya miwa yenye barafu na kumwambia, "Shangazi, hata mimi ningekuibia."

Hofu ikamwingia. Usiku akawa anashuka kuhakikisha kufuli, akifika kitandani hana hakika kama ameihakikisha ile ya nne, anashuka tena. Mwisho akaenda dukani akanunua kamera ya kutundika nje, pamoja na king'ora cha kulia mtu akipita mahali asipotakiwa, ndani ya nyumba au kwenye roshani. Akaitwa fundi, Khiêm, mwanamume mnene mpole aliyefanya kazi huku akiimba. Kamera akaitundika juu ya geti. Lakini kichochoro kilikuwa chembamba, na kamera haina pa kutazama ila mbele. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, ilionyesha geti kwa chini, kichochoro kushoto na kulia, na katikati kabisa, safi kama picha ya harusi, Bi Bảy kwenye kiti chake.

Bi Bảy aliinua macho akaitazama kamera. Kamera nayo ikamtazama.

"Hicho nini?" aliuliza.

"Ni kamera, dada Bảy," alisema Bi Mo. "Yeye natazama wezi."

"Natazama wezi." Bi Bảy alikunja mikono. "Na mimi miaka arobaini nimekaa hapa natazama nini? Mawingu?"

"Hapana, dada, wewe natazama vizuri sana, lakini..."

"Kinalipwa?"

"Nini?"

"Hicho kidude. Kinalipwa?"

"Kinakula umeme tu."

"Basi kinapata kuliko mimi," alisema Bi Bảy, akageuza kiti chake akaipa kamera mgongo. Kesho yake sahani ya Bi Mo haikuwa mezani mnyororo ulipoanguka. Ilibidi asubiri foleni kama watu wengine, na chapati zikaja na uyoga mchache.

King'ora nacho kilikuwa na tabia zake. Kililia mjusi alipopita ukutani, kikalia pazia lilipopepea, kikalia mara moja kwa sababu ambayo hata Khiêm hakuifahamu. Mwanzoni watu walitoka nje na mafagio na visu vya jikoni. Baada ya wiki mbili kikilia, mtu mmoja alisema tu "mjusi," wengine wakaendelea kula.

Kamera ndiyo iliyoleta makubwa. Ilianza na kofia ya pikipiki ya Lụa. Aliiacha kwenye usukani mlangoni pake, akarudi haipo. Akaja kwa Bi Mo akiwa anatetemeka kwa hasira. "Shangazi, kamera yako si inaona mpaka kwangu? Nionyeshe huyo mbwa aliyeniibia!"

Bi Mo akarudisha picha nyuma. Wakaona mlango wa Lụa unafunguka. Mume wake akatoka na kaptula, akachukua kofia, akaivaa, akaondoka kwa miguu kuelekea kwenye mkahawa wa kahawa, akipiga mluzi.

"Ameivaa akitembea?" alisema Lụa. "Hana hata pikipiki! Anaogopa nini, nazi?"

Kumbe alivaa kwa ajili ya jua, akaisahau mkahawani. Lakini habari ilikwishatoka. Kesho yake akaja mtu kutaka kujua nani humwaga maji ya vyombo mbele ya mlango wake. Kesho kutwa wakaja wawili kuhusu mbwa aliyekunya kwenye ngazi, kila mmoja akiapa kwamba ni wa mwenzake. Ilikuwa kweli kwa wote wawili, kwa zamu. Haukupita mwezi, kila siku saa kumi alasiri kabla Bi Mo hajaenda kazini, sebule yake ilijaa watu. Ilibidi anunue viti vya plastiki. Walikuja na mbegu za tikiti za kutafuna na chai ya barafu. Lụa ndiye aliyekuwa mtangazaji. "Huyo Hường! Tazama, Hường ana nywele mpya! Rudisha, shangazi, rudisha kidogo tumwone vizuri."

Bi Mo, ambaye kwao alikuwa amekaa miaka thelathini kwenye chumba ambamo kila mtu aliambiwa anyamaze, alijikuta anafurahi. Alijifunza maneno mapya kila siku, mengi yakiwa ya matusi.

Bi Bảy hakuja hata mara moja. Mtu akimwuliza lolote lililotokea mtaani alijibu, "Nendeni mkaulize umeme."

Basi kulikuwa na Mzee Tám. Huyu ndiye mjumbe wa kichochoro, anayeandika wakazi wapya kwenye daftari, anayetangaza kwa kipaza sauti siku ya chanjo na siku ya kusafisha mitaro. Alikuwa mjane, mnyoofu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya mvua. Duniani alipenda kitu kimoja: shore wake, ndege mwenye kishungi cheusi na shavu jekundu, aliyekaa kwenye kizimba cha mianzi kilichochongwa vizuri kuliko vitanda vya watu wengi. Shore yule alikuwa na sauti. Jumapili Mzee Tám humpeleka kwenye mkahawa wa bustanini kushindana kuimba na ndege wa wazee wengine, na mara mbili alishika nafasi ya pili. Asubuhi kizimba kilining'inizwa kwenye msumari karibu na geti la Bi Mo, kwa sababu hapo jua la asubuhi lilifika.

Sasa siku moja ya Jumatano, saa saba mchana, Bi Mo alirudi kutoka sokoni. Kichochoro kilikuwa kimya. Saa ile watu wote hulala, wengine sakafuni mlango ukiwa wazi. Mzee Tám alikuwa hajamwondoa ndege, na jua lilikuwa limehama likampiga shore usoni. Alikuwa ameachama mdomo, anahema.

Bi Mo alimwonea huruma. Alisogeza kizimba kivulini, kwenye msumari wa pili. Akatoa papai kwenye mfuko, akalimega kwa vidole, akafungua kamlango ka mianzi kasiko na kufuli wala mnyororo, kenye kijiti tu cha kuzuia. Akaweka papai ndani. Shore akadonoa. Bi Mo akatabasamu, akakigeuzia kizimba mgongo, akaanza kazi yake ya geti: mkono kwenye tundu, kupapasa, kufuli ya kwanza, mnyororo, mlango wa mbao. Akaingia, akazifunga zote tena kwa ndani, moja baada ya moja, akazivuta kuhakikisha zimeshika. Akalala.

Saa tisa aliamshwa na ukelele. Mzee Tám alikuwa amesimama kichochoroni bila shati, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, kizimba kitupu mkononi.

"Wameniibia! Ndege wangu! Wameniibia mtoto wangu!"

Watu walitoka majumbani na alama za mikeka mashavuni. Lụa ndiye aliyelisema kwanza. "Msiwe na wasiwasi! Kamera! Twendeni kwa Bi Mo!"

Bi Mo alikuwa anafungua kufuli kwa ndani. Alisikia jina lake, akasikia neno ndege, na papo hapo akakiona akilini kile kijiti kilivyokuwa kinaning'inia. Alikuwa hajakirudisha. Alipolifungua geti, watu ishirini walikuwa wamesimama mbele yake, wengine tayari wameshika mbegu za tikiti.

"Kamera," alisema Bi Mo, "leo kamera... hana umeme."

"Hana umeme?"

"Anaumwa. Tangu asubuhi. Giza tupu."

Watu waliguna. Mzee Tám alishusha mabega, akakitazama kizimba, na Bi Mo akatamani ardhi ya Saigon, yenye maji kila unapochimba, immeze mzima.

Ndipo mtu akakumbuka. Kichochoro kizima kikageuka kumtazama Bi Bảy, aliyekuwa kwenye kiti chake na upepeo wake wa ukindu.

"Bi Bảy, wewe si ulikuwa hapo? Umemwona nani?"

Bi Bảy alijipepea mara mbili. "Nilisinzia."

Mtu mmoja akaangusha chai. Tangu enzi ambazo kichochoro hakikuwa na lami, hakuna binadamu aliyemwona Bi Bảy amesinzia mchana.

"Umesinzia?" alisema Mzee Tám.

"Mimi mzee. Wazee husinzia. Si kuna kamera siku hizi?"

Watu walitawanyika kutafuta juu ya miti na nyaya za umeme, wakimwita shore kwa miluzi. Bi Mo alipanda chumbani, akafungua kompyuta, akarudisha picha mpaka saa saba. Akajiona. Alionekana mfupi kuliko alivyodhani, na kofia yake ilikuwa mbaya. Akajiona anamega papai, anatabasamu kama mjinga, anageuka. Akaona shore anatoka kwa kurukaruka, anasimama ukingoni, anatazama huku na huku kama mtu anayevuka barabara, kisha anaruka juu, anatoka kwenye picha.

Halafu akaona kitu kingine. Nyuma yake, katikati kabisa ya picha, Bi Bảy alikuwa ameligeukia geti, amekaa wima kama msumari, macho yote mawili wazi, upepeo umeganda hewani.

Bi Mo alikaa akiitazama picha ile muda mrefu. Kidole chake kilikuwa karibu na kitufe cha kufuta. Alikibonyeza? Hakukibonyeza. Alishuka, akafungua kufuli zote, akavuka mita mbili, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Dada Bảy. Wewe hukusinzia."

"Sikusinzia."

"Umeniona."

"Nimekuona na papai lako. Tena umemega kubwa, ndege wa watu akavimbiwe."

"Kwa nini hukusema?"

Bi Bảy akamtazama, mara ya kwanza tangu siku ya kamera. "Hicho kidude chako," alisema, "kinaona kila kitu na kinasema kila kitu. Mtu yeyote akikibonyeza kinasema. Mimi naona kila kitu, nasema ninachotaka. Umeelewa tofauti?"

Bi Mo alielewa maneno yote, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Machozi yakamjaa.

"Usinililie hapa, wateja watadhani chapati zina pilipili. Nenda kamwambie mwenyewe."

Mzee Tám alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, shati ameshalivaa lakini vifungo vimepishana. Watu walikuwa wamerudi mikono mitupu na kumzunguka. Bi Mo akasimama mbele yake, akavuta pumzi, na kwa woga lugha yote aliyoijua ikamwagika sakafuni. Sasa katika mji ule neno ndege lina maana yake ya pili, ya kiungo cha wanaume, ambayo hakuna anayeitaja mbele ya mama mkwe. Bi Mo hakulijua hilo.

"Mzee Tám," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "ni mimi. Mchana, watu nalala, mimi nafungua ndege yako."

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Mimi naona ndege yako nasikia joto, nateseka sana peke yake. Mimi nahurumia. Mimi namsogeza kivulini, nampa papai. Yeye nafurahi! Halafu mimi nasahau kufunga. Naomba samahani. Ndege yako mzuri sana, kichochoro wote nampenda."

Lụa alishika ukuta, akateleza polepole mpaka akakaa chini. Mume wake alijificha uso ndani ya kofia ya pikipiki. Mzee Tám alikuwa mwekundu kuanzia kwenye kola kwenda juu, na kwa muda hakuna aliyejua kama atalia, atapiga au atafanya nini. "Mama," alisema hatimaye, kwa heshima kubwa, "tafadhali usirudie maneno hayo popote. Hasa kituo cha polisi."

Hapo ndipo king'ora cha Bi Mo kilipoanza kulia.

"Mjusi," walisema watu watatu kwa pamoja, wakijifuta machozi.

Lakini Bi Bảy alikuwa amesimama kwenye kiti chake, mkono sikioni. "Nyamazeni! Mjusi gani huyo anayeimba?"

Wakanyamaza. King'ora kikapumzika kidogo kabla ya kuanza tena, na katika nafasi ile ikasikika juu, ghorofa ya pili, sauti nyembamba tamu inayopanda hatua tatu na kushuka mbili. Mzee Tám akanyanyuka kama aliyechomwa sindano. Wote wakatazama juu. Ndani ya kile kizimba cha nondo cha roshani ya Bi Mo, kilichozuia wezi wa Saigon miaka ishirini, shore alikuwa ametua juu ya kamba ya nguo. Alipita katikati ya nondo bila shida. Kutoka ndiko hakukumbuka.

Watu wakaingia nyumbani kwa Bi Mo wote kwa mpigo. Mlango wa ngazi ukafunguliwa. Wakafika kwenye mlango wa roshani, na hapo ikajulikana kwamba Bi Mo hajawahi kuufungua tangu ahamie. Kufuli ya sita ilikuwa imeshika kutu. Ufunguo uliingia nusu, ukakataa. Mume wa Lụa akajaribu, Khiêm aliyepita kwa bahati akajaribu kwa mafuta ya cherehani, Mzee Tám akawa anabembeleza kupitia kioo, "Usiogope mwanangu, baba yuko hapa, usiruke, baba yuko hapa," huku shore akinya kwenye blauzi ya Bi Mo ya kazini, aliyoianika pale kwa kupitisha mkono dirishani.

"Vunja," alisema Bi Mo.

"Kufuli ya mwenye nyumba?" Khiêm aliuliza.

"Vunja."

Khiêm alipiga nyundo mara mbili, na ya tatu ikapiga kidole chake, akatukana neno ambalo Bi Mo aliliandika baadaye kwenye daftari. Ya nne ikafungua. Mzee Tám aliingia peke yake, akafunga mlango nyuma yake, akaweka kizimba sakafuni na kamlango wazi. Ndani ya kizimba mlikuwa bado na kipande cha papai. Akachuchumaa akaanza kupiga mluzi polepole. Ilichukua nusu saa. Watu wote walikaa kwenye ngazi wakisubiri, na hakuna aliyethubutu kutafuna mbegu. Shore alipoingia na kijiti kikashuka, kilio cha furaha kilichotoka kwenye ile nyumba kilifanya king'ora kianze upya.

Jioni ile Bi Mo alichelewa darasani kwa mara ya kwanza, na blauzi haikuwa yake bali ya Lụa, imembana mikononi.

Kamera hakuiondoa. Alimwita Khiêm akaiinamisha, ikawa inaona geti lake tu na vidole vya miguu vya wapita njia. Watu walinung'unika siku mbili tatu, hasa Lụa, kisha wakarudi kufanya walivyofanya zamani, yaani kumwuliza Bi Bảy, ambaye aliwajibu alichotaka. Tuyết alikuja akaona kufuli iliyovunjwa, akapayuka sana, akaleta nyingine kubwa zaidi. Bi Mo aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye droo. Hofu haikumwisha kabisa. Usiku mwingine bado alishuka kuihakikisha ile ya nne.

Mzee Tám naye alimtolea hukumu kama mjumbe: Jumapili itakayofuata, Bi Mo atabeba kizimba mpaka kwenye mashindano. Saa kumi na mbili asubuhi wakawa bustanini, kizimba kimefunikwa kitambaa chekundu, katikati ya wazee wasiopungua thelathini wanaokunywa kahawa nyeusi na kusengenya ndege wa wenzao. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mzee Tám alimtambulisha kwa maneno mafupi, "Huyu ni Bi Mo, jirani," kisha akaongeza haraka, "haongei sana."

Vitambaa vikaondolewa. Ndege wa kushoto akaimba, wa kulia akaimba, wa mbele akaimba mpaka wazee wakapiga makofi. Shore wa Mzee Tám alijikunja, akajinyoosha, akajikuna kishungi. Akafunga macho. Hakutoa hata nusu ya sauti mpaka kengele ya mwisho, wakampa nafasi ya thelathini na moja kati ya thelathini na moja.

"Papai," alisema Mzee Tám.

"Samahani, kaka," alisema Bi Mo.

"Amenenepa. Mtazame. Sasa anajua kuna papai duniani, aimbe kwa sababu gani?" Aliwaza kidogo, kisha akamwita mhudumu. "Kahawa mbili za maziwa. Na huyu mama umwekee maziwa mengi, ameamka mapema."

Wakanywa. Mzee mmoja wa meza ya pili, aliyeshinda, akainama kumwuliza Bi Mo anaonaje ndege wake. Mzee Tám akamtia kiwiko mbavuni kabla hajafungua mdomo.